Mwenyeji wa Walimu Wapya

Cheo chake kilikuwa kirefu, na sikuwahi kumsikia mtu akikitaja chote. Kilianza na neno "mratibu", kikapita kwenye "huduma" na "mapokezi", kikaishia kwa "walimu wapya", na kilibandikwa mlangoni pake kwa Kifaransa. Sisi tulimwita Mwenyeji. Aliyemwita hivyo kwanza simjui. Nilipoajiriwa nililikuta jina hilo, kama nilivyozikuta zile ngazi ndefu za kupandia kitivo cha sayansi.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwili, mwenye mwendo wa haraka usiomfikisha popote kwa wakati. Kila alipopiga hatua chache alikuta mtu wa kumwamkia, na kuamkiana kwake hakukuwa kwa kupungiana mikono. Alisimama, akauliza habari za nyumbani, akangoja jibu. Alivaa kitenge juu na chini, kisha chini ya kitenge hicho kizuri akavaa raba nyeupe za michezo, maana chuo chetu hapa Bujumbura kimejengwa mteremkoni na yeye alikuwa mtu wa kutembea. Mkoba wake ulinukia karanga za kukaanga. Alikuwa profesa wa kemia, jambo ambalo walimu wapya walilijua baadaye sana, na wengine hawakuamini.

Ukipewa barua ya kuanza kazi, ulitumwa kwake. Ulikwenda ukitarajia makaratasi. Yeye alikutazama, akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika.

"Acha mukoba hapa," alisema. "Twende, nikuonyeshe kwenu."

Halafu mlitembea. Hakuwa mtu wa kunyoosha kidole na kusema kile ni hiki na pale ni pale. Aliingia kila mahali, na wewe ukaingia. Maktabani alikukalisha kitini, akakwambia uombe kitabu chochote, hata kama huna haja nacho, ili mkutubi akujue sauti. Zahanati ya chuo alikupeleka ukiwa mzima wa afya, akakutaka umsalimie muuguzi. "Siku utaugua," alisema, "asikuulize we ni nani." Mlipita ofisi ya makazi, chumba cha kompyuta, chumba ambako walimu wakongwe huwasaidia wapya kupanga masomo, hadi dirisha la kuombea chaki. Kila mahali mliacha jina lako na kuchukua jina la mtu. Mlipomaliza miguu ilikuuma, na mchana ulikuwa umekwisha.

Siku yangu mimi nilimuuliza kwa nini asitupe tu karatasi yenye maelezo.

"Vitu tunakosa, na tunazoea," alinijibu. "Kukosa mutu wa kuuliza, iyo haizoeleke."

Kulikuwa na mwenzetu wa fizikia kutoka Uvira, kijana mrefu, mkimya, aliyepanga chumba Nyakabiga. Alikuwa akipita ofisini kwa Mwenyeji kuuliza maktaba inafungwa saa ngapi. Alijibiwa. Baada ya siku chache aliuliza tena. Mtu mwingine angemwona msahaulifu. Mwenyeji alinieleza mambo hayo akimenya karanga: "Mutu anauliza saa ya bibliyoteki kila wiki, uyo hatafuti kitabu." Jumapili iliyofuata alimwita kwake, akampa kisu na rundo la ndizi za kumenya kama mtoto wa nyumbani, wakala ndagala wa ziwani na sombe ya majani ya muhogo. Leo yule bwana ndiye mwenye kelele kuliko wote katika chumba cha walimu, na tukimlalamikia anasema tumlaumu Mwenyeji.

Sitaki kumfanya malaika. Alichelewa vikao vyote, kisha akakasirika akikuta vimeanza bila yeye. Alipigania chumba cha kompyuta hadi kikapatikana, akawasukuma walimu wote kwenye mafunzo, na yeye mwenyewe akaendelea kuandika kwa chaki na kumwomba katibu amsomee barua pepe zake. Alitufundisha kwamba kuomba msaada ndiyo kazi ya kwanza ya mwalimu mpya, lakini ukijaribu kumpokea mkoba alivutana nawe hadi mkaonekana mnapigana. Kuna siku mvua ilimnyeshea njia nzima ya kushuka mjini, na magari ya walimu wenzake yalimpita yakimpigia honi. Aliwapungia mkono na kuendelea kutembea.

Na alikuwa na ulimi. Wiki zangu za kwanza alikuja kukaa nyuma ya ukumbi nikifundisha. Nilikuwa nimejiandaa vizuri mno. Nilijaza ubao mzima hesabu, nikafuta, nikaujaza tena. Baadaye alinisubiri mlangoni.

"Unajua sana," alisema.

"Asante, Profesa."

"Lakini unaongea na tablo. Tablo haifanye ekzamen."

Nilitaka ardhi inimeze. Kisha alinishika kiwiko, akanipeleka kunywa chai katika kantini, ingawa chai ya pale aliichukia na kusema ina ladha ya sufuria. Tulikaa hadi nikacheka. Tangu siku ile nafundisha nikiwa nimegeukia watu.

Jambo ninalotaka kulisema hasa lilitokea katika msimu wa mvua wa mwaka huo huo.

Nilikuwa nimejifungua miezi michache kabla ya kuajiriwa. Binti yangu Ineza alikuwa bado ananyonya. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha chai huko milimani, akishuka mjini mwisho wa mwezi, na mtoto alibaki na yaya. Nikiwa katika muda wa majaribio, mkataba wangu kamili bado haujasainiwa, yaya alipigiwa simu kwamba mama yake anaumwa. Asubuhi hiyo hiyo alipanda basi la kwenda Muyinga. Nilimwachia jirani mtoto, nikakimbilia darasani.

Katikati ya somo, ukumbi umejaa, wengine wamekaa kwenye madirisha, nilihisi maziwa yanashuka. Nilitazama kifuani, nikaona blauzi imelowa pande zote mbili. Nilivaa koti, nikafunga vifungo hadi shingoni, katika joto lile la Bujumbura, nikaendelea kuandika. Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna atakayesema wamemwajiri mwanamke asiyeweza. Jasho lilinitoka.

Mwenyeji alikuwa nyuma. Sikumwona akiondoka. Nilipotoka nilimkuta amesimama na ufunguo.

"Mutoto iko wapi?"

"Kwa jirani."

"Enda umulete. Biro yangu ndiyo ya kwako. Funga mulango, nyonyesha."

Nilianza kusema siwezi, watasema nini. Alinitia ufunguo wa ofisi yake mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake, akaondoka haraka, safari hii bila kumwamkia mtu.

Basi Ineza akawa mtu wa chuo. Nilimleta asubuhi na mwanamke wa mtaani aliyekubali kukaa naye, na kati ya somo na somo nilikimbia kumnyonyesha chini ya rafu ya vitabu vya kemia. Mwenyeji alihamia kwenye benchi la koridoni nje ya mlango wake mwenyewe. Pale ndipo alipowapokea walimu wapya, makaratasi yakiwa magotini, mvua ikimrushia matone kutoka barazani. Nilipomwomba radhi alisema benchini kuna hewa.

Mkuu wa idara yangu aliposikia alituita sote wawili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na aliogopa kuanzisha mfano.

"Profesa, naheshimu kazi yako," alisema. "Lakini chuo si kreshi, si mahali pa kulelea watoto."

"Ni kweli, si kreshi," Mwenyeji akajibu. "Na tena si jeshi."

"Leo ni mtoto mmoja. Kesho?"

"Kesho watakuwa wengi. Ndiyo maana nataka chumba."

"Na huyu mwalimu yuko katika majaribio. Nitaandika nini kwenye ripoti yake?"

Mwenyeji aliinamisha kichwa, akazitazama raba zake, halafu akasema polepole: "Andika kama amekosa somo hata moja. Kama hakukosa, andika iyo." Sikuwa nimekosa, na mkuu alijua. Lakini ombi la chumba lilipopelekwa juu lilirudi limekataliwa, kwa maelezo kwamba nafasi haipo.

Akaendelea kukaa kwenye benchi. Sijui kama ulikuwa ukaidi au mkakati. Wiki zilipita. Walimu walizoea kumruka miguu wakipita. Kisha siku moja wakaja wageni wa chuo kingine kutoka nje, watu wa ushirikiano, wakiongozwa na wakubwa wetu, na katika ratiba yao kulikuwa na kutembelea ofisi ya kupokea walimu wapya. Walimkuta benchini, akimweleza mwalimu mgeni jinsi ya kuomba nyumba. Aliinuka, akanyoosha kitenge chake, akatandaza mikono.

"Karibuni ofisini kwangu," alisema kwa Kifaransa safi, kwa sauti ya ukumbini.

Ndani ya mlango uliofungwa Ineza alilia wakati huo huo. Wageni wakatazamana. Mama mmoja kati yao akauliza ni mtoto wa nani, na Mwenyeji akamweleza yote bila haraka na bila kumlaumu mtu, jambo ambalo nadhani liliwauma wakubwa zaidi ya matusi.

Nafasi ilipatikana. Ilikuwa stoo ya vifaa vibovu vya maabara, yenye dirisha moja na bomba la maji linalofanya kazi. Tuliisafisha siku nzima. Rangi alitupa mzee mmoja Mwarabu mwenye duka mjini, ambaye mwanawe alifundishwa kemia na Mwenyeji. Aliposikia ni ya kazi gani alisema, "Chukua, mama, iwe sadaka ya marehemu mama yangu." Tuliweka godoro, pazia, meza ndogo. Tuliandika mlangoni: Chumba cha Mama. Tangu hapo kimo katika orodha ya huduma, kati ya zahanati na ofisi ya makazi, na hakuna mwalimu mpya anayezungushwa chuo bila kuingizwa mle, wanaume pia.

Makatibu walikuja. Wanafunzi walikuja. Namkumbuka msichana mmoja wa Buterere aliyefika siku za mafuriko na mtoto mgongoni, akakamua kitenge chake kwenye sinki, maji yakatoka na matope ya mashamba ya mpunga. Alikuwa ameshaamua kuacha masomo. Alikaa mle, akanyonyesha, akaenda kufanya mtihani.

Mkataba wangu ulisainiwa mwisho wa mwaka.

Kuna jambo moja sikulielewa. Katika muda huo wote Mwenyeji hakumbeba Ineza hata mara moja. Nilimnyooshea mtoto, akarudisha mikono nyuma. "Mikono yangu iko na kemikali," alisema. Chumbani mle, kama kulikuwa na mtoto, hakuingia. Aligonga, akauliza tunahitaji nini, akasema nasi akiwa nje. Nilidhani ni adabu.

Alistaafu katikati ya muhula, karibu bila sherehe, kwa kuwa sherehe tulimpangia na yeye akachelewa hadi soda zikapata moto, kisha akaja, akala keki akiwa amesimama, akaenda zake. Alituachia karanga katika bakuli. Kwa muda alikuwa akipita chuoni, kisha akaacha. Halafu nikasikia ameanguka nyumbani kwake Mutanga Nord, amevunjika nyonga.

Nilikwenda Jumamosi mchana na Ineza, ambaye sasa ni msichana wa shule, mwenye maswali. Lango lilifunguliwa na mwanamke wa umri wangu au kunizidi kidogo. Paji lake la uso nililijua.

"Karibuni," alisema. "Mama wa Buja yuko ndani." Buja ndivyo tunavyolifupisha jina la Bujumbura.

Mwenyeji alikuwa kwenye kiti kirefu, mguu umewekwa juu ya mto. Amekonda. Lakini kabla sijakaa alianza kunihoji: walimu wangapi wapya, nani anawazungusha, muuguzi bado ni yule yule, na chai ya kantini je? Nilimjibu. Ineza alikuwa anatazama picha ukutani, na yule mwanamke akamwomba amsindikize kununua mkate dukani. Walipotoka, Mwenyeji alisikiliza hadi lango likafungwa.

"Ule ni mutoto wangu," alisema.

Nilishindwa kuficha mshangao. Tulijua ni mjane wa siku nyingi. Habari za mtoto hakuwahi kuzitaja.

"Nilipoajiriwa nilikuwa mwanamuke peke yangu mu idara. Mume alikuwa amekufa. Walinipa chumba ya kulala pamoja na mwanamuke mwingine, na masomo ya asubuhi na jioni. Hakuna aliniambia apana, kwa sababu hakuna nilimuuliza. Nilikuwa naogopa. Nikamupeleka kwa mama yangu, kule Rutana. Nikasema ni muhula moja tu." Alisawazisha mto chini ya mguu. "Muhula ikazaa muhula."

"Hukuenda kumchukua?"

"Nilienda. Alikuwa anatembea tayari. Alinipa mukono wa kuume, na wa kushoto akashika kiwiko, vile wanafundisha watoto kusalimia mugeni. Mama yangu akafurahi, mutoto ana heshima. Na mi nikapanda basi, nikarudi bila yeye. Nilikuwa napeleka kila kitu, sare, viatu, vitabu. Nilikuwa naenda Noeli na Pasaka. Lakini mutoto alishakuwa na mama."

Nikasema, kwa kuwa sikujua la kusema, kwamba basi ndiyo maana alikipigania kile chumba.

"Apana." Alininyooshea kidole kama ukumbini. "Usinitengenezee hadithi. Kile chumba ni sababu ulikuwa unavuja maziwa mbele ya wanafunzi, na ulikuwa unaandika tu, unaandika tu." Mabega yake yakatikisika, akajishika nyonga kwa maumivu ya kucheka. Kisha akatulia. "Lakini ile siku nilikupa ufunguo, nilienda choo ya wanawake, nikalia hadi kengele."

Lango lililia. Mkate ulikuja, tukanywa chai. Mama na binti walisemezana kwa upole mkubwa, na upole ule ulinichoma: umelala vizuri, sukari inatosha, nisogeze mto? Tulipoaga, binti alitusindikiza hadi langoni. Alishika chuma cha lango, asitufungulie.

"Mi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Rutana," alisema. "Nimeomba ruhusa nimwangalie hadi atembee. Tunaishi kama wageni wawili. We umefanya naye kazi. Alikuwa mutu wa namna gani?"

Nilimwambia. Nilimwambia juu ya matembezi, na yule mwenzetu wa Uvira, na ufunguo, na benchi. Nilisema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi, hadi nilipoona uso wake.

"Alikaa kwenye benchi," alisema.

"Msimu mzima wa mvua."

"Kwa mutoto wa mutu."

Niliona nimemfungulia kidonda kwa mkono wangu. Ineza, ambaye hana adabu ya kunyamaza, akasema, "Uyo mutoto ni mimi."

Mwanamke yule alimtazama. Nilidhani atageuka aondoke. Badala yake aliinama, akamrekebishia kola ya gauni taratibu, akaiweka sawa, akaendelea kuishika.

"Turudi ndani," aliniambia bila kuinua macho. "Nataka anieleze mwenyewe. Peke yangu sitaweza kumuuliza."

Tulirudi. Mwenyeji alitutazama tukiingia. "Mumesahau nini?"

Binti alivuta kigoda, akakaa karibu na kile kiti kirefu, karibu kuliko alivyokuwa amekaa mchana ule wote. Sauti yake ilikwaruza.

"Mama wa Buja, nielezee ile benchi."

Mwenyeji alinitupia jicho ambalo wanafunzi wa kemia wanalikumbuka. Nilijua angeweza kutoroka, angeweza kuuliza habari za mkate, za mvua, za walimu wapya. Kisha akanyoosha mkono, akaushika mkono wa bintiye kwa viganja viwili, kwa woga, kama mtu anayeshika kitu cha moto.

"Benchi si mwanzo," alisema. "Mwanzo ni asubuhi nilikupeleka Rutana. Ulikuwa umevaa kofia ya njano. Basi ya Rutana ilichelewa, na mi nilikuwa naomba isifike kabisa."

Nilimshika Ineza mkono, tukatoka, nikauvuta mlango taratibu.